Kuskeiti na kundi katikati ya Paris: Jumapili mchana na Ijumaa usiku, maoni yangu

Watu wengi wameniuliza haya matembezi ya skeiti ya Paris yakoje tangu waone picha zangu, kwa hivo naandika yote hapa mara moja. Paris kuna matembezi mawili makubwa ya skeiti, zile za matairi manne kwa mstari mmoja, ambayo yanapita barabarani kabisa, katikati ya mji, magari yamezuiwa, na yote mawili ni bure. La kwanza ni la Jumapili mchana, linaitwa Rollers & Coquillages, linaanzia Bastille pale boulevard Bourdon saa nane na nusu. La pili ni la Ijumaa usiku, linaitwa Pari Roller, linaanzia Montparnasse kwenye uwanja wa Place Raoul Dautry, baina ya stesheni ya treni na lile jengo refu, saa nne usiku. Nimeenda yote mawili, na bado naenda. Ya Jumapili naipa nyota tano, ya Ijumaa nne, na hio nyota moja iliyopungua si kwa sababu wanafanya kazi vibaya, la hasha, ni kwa sababu si ya kila mtu na watu wanawapeleka marafiki zao huko kana kwamba ni ya kila mtu.

Kwanza muelewe kwa nini hii kitu ina thamani hivi kwetu sisi tunaoskeiti hapa. Ufaransa kisheria mtu wa skeiti anahesabiwa mtembea kwa miguu. Mahali pako ni pavementi, barabarani si kwako, na mwendo wako uwe wa kutembea. Sasa wewe ijue pavementi ya Paris: meza za mikahawa zimejaa mpaka nje, vigingi vya chuma kila hatua, mbwa wa kamba ndefu, watu wanatoka madukani wanaangalia simu, watalii wamesimama ghafla kupiga picha. Skeiti ambayo ikipata lami nzuri inakwenda kilomita 20 kwa saa bila ya jasho, hapo inakwenda kwa kusitasita, breki, pole samahani, breki tena. Rue de Rivoli kwa mfano nikiwa peke yangu nabanwa chini ya zile nguzo na wauza vitu vya watalii, najiona nimevaa matairi ya bure. Halafu Jumapili hio hio barabara napita katikati yake, kushoto kwangu watu, kulia kwangu watu, mbele migongo mpaka macho yanachoka, na hakuna gari hata moja. Huo ndio msingi wa mambo yote. Hawa jamaa hawakupi skeiti wala hawakupi somo, wanakupa barabara. Kwa saa tatu mji unakuwa wako kihalali, kwa ruhusa ya polisi, na hulipi hata senti.

Na hio barabara haijifungi yenyewe, hapa ndipo nataka tukae kidogo manake watu wengi wanaoenda hawaangalii. Kila wiki kuna ruti mpya, inapangwa kabla, inapelekwa kwa polisi wa mji ikubaliwe, halafu inatangazwa. Siku yenyewe mbele kunakuwa na polisi na gari la kuongoza, nyuma kabisa ambulensi na watu wa huduma ya kwanza, na katikati ndio wale staff, watu wa kujitolea, wenye fulana zao zinazoonekana kwa mbali. Kazi yao ni makutano ya barabara. Kundi likikaribia njia panda, mmoja wao anakuwa amefika kabla, amesimama mbele ya magari, mikono ameinyoosha, anawaangalia madereva usoni. Anasimama hapo mpaka mtu wa mwisho apite, na kundi likiwa kubwa hio ni dakika nyingi sana, na katika hizo dakika anapigiwa honi, anatukanwa, mwengine anateremsha kioo anaeleza kuwa amechelewa kazini, na yeye anajibu kwa utulivu tu kuwa bado kidogo mesye, bado kidogo. Mkia ukishapita, anaachia barabara, halafu anatakiwa aende tena mbele kabisa kwa ajili ya makutano mengine, yani alipite kundi zima kwa kasi huku akipenya pembeni ya watu ambao wengine ndio kwanza wanajifunza kusimama. Akifika mbele, anaanza upya. Wewe unapofanya kilomita 20 za raha, yule anafanya zaidi, nusu yake mbio, na wala halipwi.

Ndio maana nikisikia mtu analalamika ati staff walimpigia kelele akae mstari wake, mimi nakuwa upande wa staff moja kwa moja. Ukisikia sauti nyuma yako au filimbi, usigeuke, usiyumbe, endelea na mstari wako ulivo, yeye ndiye atakayekupita. Ukihama ghafla ndipo mnapogongana. Na kitu chengine, hata kama njia iko wazi kiasi gani usiwapite wale wa mbele wanaoongoza, manake mbele yao hakuna aliyezuia magari.

Haya mambo yana historia yake pia. Katikati ya miaka ya 90 ilikuwa ni kikundi kidogo tu cha watu wanakutana Ijumaa usiku kuzunguka mji. Halafu mwisho wa mwaka 1995 Ufaransa ikaingia mgomo mkubwa, metro imesimama, mabasi yamesimama, treni hakuna, na watu Paris wakatoa baskeli na skeiti ili wafike kazini. Wengi hawakuzirudisha kabatini. Miaka michache baadae Ijumaa usiku palikuwa panajaa maelfu, polisi wakaona kuzuia haiwezekani bora kusimamia, wakaunda mpaka kikosi cha polisi wenyewe wamevaa skeiti. Ile ya Jumapili nayo ikaanzishwa 1998 kwa ajili ya wale ambao Ijumaa ilikuwa kali kwao. Siku hizi umati si ule tena wa zama zile, lakini siku ya jua la mwezi wa tano au wa sita bado ukisimama kwenye daraja ukaangalia nyuma huoni mwisho.

Sasa Jumapili. Fika mapema, saa nane kasorobo hivi, si kwa sababu ya foleni, foleni hakuna, wala kujiandikisha hakuna, ni kwa ajili ya kuvaa kwa utulivu na kupasha misuli moto. Pale boulevard Bourdon upande mmoja ni bandari ndogo ya mashua za Arsenal, watu wamekaa kwenye kuta wanafunga kamba, watoto wanazunguka zunguka, wazee wenye mvi walioanza tangu hio miaka ya 90 wanasalimiana kwa mabusu, wanafunzi, kina mama, familia nzima baba mama na watoto wawili wamevaa helmeti rangi moja. Huyo mzee mwenye mvi usimdharau, ukianza mteremko utamuona anavoinama tu kidogo na kupita kama hewa. Kabla ya kuondoka wanatangaza kwa spika, ruti ya leo, tahadhari, wapi kuna mteremko. Ni kwa Kifaransa, lakini ukisimama karibu na mtu na kumuuliza atakuelezea.

Mwendo wa Jumapili ni wa kiungwana. Si wa polepole kabisa, asikudanganye mtu, ni mwendo ambao mtu aliyezoea anapiga soga na mwenzake na aliye mgeni anatoka jasho. Unakwenda, mnasimama kidogo ili mkia usogee, mnakwenda tena. Huko kusimama na kuanza ndiko kunakochosha miguu kuliko kwenda moja kwa moja. Katikati kuna mapumziko ya kama dakika ishirini, mara nyingi kwenye uwanja mkubwa au karibu na bustani, watu wanakaa chini, wanakunywa maji, wanagawana biskuti. Njoo na maji yako kwenye begi dogo la mgongoni, usitegemee kununua, huwezi kuingia dukani na skeiti na foleni ya watu mia tano. Na viatu vya kawaida uviweke humo humo kwenye begi, vyepesi, manake ukichoka katikati ya njia utahitaji kupanda metro, na ngazi za metro na skeiti haviendi pamoja.

Mnarudi pale pale Bastille mnamo saa kumi na moja na nusu. Ruti inabadilika, kuna Jumapili mnaelekea upande wa Bercy na Vincennes, kuna Jumapili mnavuka mto na kuzungukia boulevard Saint-Germain, kuna siku mnapanda juu kaskazini kufuata mfereji wa Saint-Martin. Mimi napenda zile zinazovuka Seine, manake kwenye daraja upepo unakuja pembeni na kundi zima linanyamaza kidogo, watu wanaangalia.

Sasa tuje kwenye breki, na hapa naomba msome kwa makini kuliko pote. Watu wanadhani swali la kujiuliza kabla ya kujiunga ni je, naweza kwenda? Kwenda kila mtu anaweza, ukishasukuma mara tatu unakwenda. Swali ni je, naweza kusimama pale ninapotaka, nikiwa kwenye mteremko, mbele yangu kuna mtoto na pembeni yangu kuna mtu? Ndani ya kundi huna nafasi ya kuzunguka kwenye nyasi wala kushika ukuta. Ukishindwa kusimama unamuingia mwenzako wa mbele mgongoni, na yeye anamuingia wa mbele yake, na mnaanguka watano kwa kosa la mmoja. Nimeona wageni wametolewa nje na ambulensi, na karibu wote hawakuanguka kwa kwenda mbio, walianguka kwa kutojua kupunguza mwendo.

Huyo anayetajwa kuwa wa mwanzo kuonyesha skeiti mbele ya watu, John Joseph Merlin, fundi wa saa na mashine aliyezaliwa Huy katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, wanahadithia kuwa alikwenda kwenye sherehe London karne ya 18 akiwa amevaa viatu vyake vya matairi huku anapiga fidla, hakuwa na njia ya kusimama wala kugeuka, akaenda moja kwa moja akaingia kwenye kioo kikubwa cha thamani, kioo kikavunjika, fidla ikavunjika, na yeye akaumia vibaya. Zaidi ya miaka mia mbili imepita na tatizo ni lile lile.

Kwa hivo jifunze kwanza njia mbili za kusimama. Ya kwanza breki ya kisigino, kile kipande cha mpira nyuma ya skeiti moja, kawaida ya kulia. Wengi wanakifungua wakakitupa wiki ya kwanza kwa sababu waliona wenye ujuzi hawana. Usikitupe. Unapeleka mguu wenye breki mbele, unakunja goti la nyuma, unakaa kidogo kama unataka kukaa kwenye kiti, unainua kidole gumba na kisigino kinagusa lami, polepole halafu unaongeza. Ya pili ni ya kutanua miguu yote miwili na kusukuma visigino kwa nje, hii inafaa kupunguza mwendo ukiwa ndani ya watu. Ile ya kuburuta mguu wa nyuma kama herufi T inapendeza, lakini inakula matairi na inahitaji usimame vizuri kwa mguu mmoja, ije baadae. Tafuta mteremko mdogo usio na magari, weka chupa ya maji chini, jaribu kusimama kabla ya kuigusa. Ukiweza kila mara, si mara moja kwa bahati, njoo Jumapili. Ukiweza ukiwa umechoka na giza limeingia, njoo Ijumaa.

Ijumaa ni mchezo mwengine kabisa. Ni kama kilomita 30, na mnamaliza saa saba usiku hivi. Pale Montparnasse kuanzia saa tatu na nusu unaanza kuona watu wanatoka chini kwenye metro wamebeba mabegi, vijana wengi zaidi, skeiti za matairi matatu makubwa, taa za kupepesa kwenye helmeti, kuna watu wana spika mgongoni mziki unapigwa mpaka kifuani unasikia. Mkianza, mnaanza. Mwendo ni mkali hasa kwenye boulevard ndefu, kundi linajivuta kama mpira, wa nyuma wanajikuta wanakimbia kuziba nafasi. Ukipitwa na wale wa kufunga mkia, barabara inafunguliwa, magari yanarudi, na wewe kisheria unarudi kuwa mtu wa pavementi saa tano usiku mtaa usioujua. Hilo si la kutisha lakini ulijue kabla.

Lakini raha yake jamani. Mji usiku unakuwa mkubwa zaidi. Taa za manjano kwenye mawe ya majengo, watu kwenye mikahawa wanasimama wanapiga makofi, watoto wako madirishani na nguo za kulala, madereva wa basi wengine wanapunga mkono. Unateremka boulevard Saint-Michel kuelekea mtoni, breki ya kisigino iko tayari, upepo usoni, mbele yako mamia ya taa nyekundu ndogo ndogo zinayumba kushoto kulia kwa pamoja kwa sababu kila mtu anasukuma kwa mpigo mmoja. Mimi nililelewa Mombasa, mtoto wa kike kukimbia barabarani usiku haikuwa jambo la kufikiria, na pale niko katikati ya boulevard na mtandio wangu na hakuna anayenigeukia mara mbili. Hilo kwangu lina uzito wake na sitaki kulipita haraka.

Kwa kina dada wanaouliza mavazi: suruali pana lakini isiyopita kifundo cha mguu, manake ikiingia kwenye matairi ni hatari, kanzu fupi ya juu, na kichwani kile kitambaa cha ndani cha kubana, kisha helmeti juu yake, kisha unakazia kamba. Pini za mtandio ziache nyumbani. Helmeti juu ya mtandio mzito inacheza cheza na haikingi kitu. Ishaa majira ya joto inaingia usiku sana, wengine tunakubaliana tunaswali tukirudi.

Kurudi nyumbani baada ya Ijumaa, metro usiku wa Ijumaa inachelewa kufunga kuliko siku za kazi, mpaka saa nane usiku na kidogo, kwa hivo ukimaliza na kundi unaiwahi, lakini usikae kupiga soga sana. Anayekaa nje ya mji ahakikishe kabla treni yake ya mwisho ni saa ngapi.

Lami. Paris ina lami nzuri sana na ina mawe mabaya sana, na vinapishana bila taarifa. Champs-Élysées inayoonekana kwenye televisheni imenyooka kama kitambaa ni mawe, ukipita na skeiti meno yanagongana. Wanaopanga ruti wanakwepa mawe kadiri wanavoweza, lakini vipande vifupi vinakuja. Ukiona mawe, kunja magoti kidogo, mguu mmoja tangulia mbele ya mwengine, usijaribu kusukuma, pita tu. Reli za tramu pembezoni mwa mji zivuke kwa kukata, usizifuate sambamba hata kidogo, tairi linaingia. Na zile rangi nyeupe za zebra zikiwa na unyevu zinateleza vibaya mno, ndio sababu kubwa lami ikiwa imelowa wanafuta kabisa, hata kama mvua imeshakatika. Kwa hivo siku ya mawingu angalia tovuti yao kabla ya kutoka nyumbani, wanatangaza siku hio hio. Mtu anatoka kitongoji cha mbali saa nzima kwenye treni anafika anakuta uwanja mtupu, halafu anaandika maoni ya nyota moja. Hio nyota moja si haki.

Upande wa skeiti zenyewe, kuna maduka yanakodisha na kwa siku moja bei si mbaya. Lakini hapa nina dukuduku. Duka moja ambalo sitalitaja lilinipa skeiti matairi yameliwa upande mmoja mpaka yamekuwa na kona, beringi zinalia, na kile kipande cha breki kimeisha karibu chuma kionekane. Kumkodisha mtu skeiti isiyo na breki saa moja kabla ya kwenda barabarani na watu elfu ni hatari, na nilirudisha pale pale. Kwa hivo ukikodi, zungusha kila tairi kwa kidole, linatakiwa lizunguke muda bila ya kelele, angalia breki ina unene, na vaa ufunge kabisa, kisigino kisiinuke ndani ya kiatu. Ukitaka kununua, usinunue vya kuchezea vya plastiki laini. Matairi ya mm 80 mpaka 90 yanatosha kabisa kwa anayeanza barabarani, ugumu wa tairi wa 85A hivi (hicho ni kipimo kinachoandikwa kwenye tairi) ni mzuri kwa lami, na hayo makubwa ya mm 110 yasubiri mpaka miguu iwe na adabu. Usiziloweshe, beringi zinapata kutu.

Vya kujikinga, helmeti ndio, magoti ndio, lakini ukiniambia nichague kimoja cha ziada nitachagua vya viganja. Mtu akianguka mkono unatangulia wenyewe, huwezi kuuzuia. Kuna utafiti wa Marekani wa 1996 kwa watu walioumia na skeiti waliokwenda hospitali, ulionyesha asiyevaa kinga ya kiganja alikuwa kwenye hatari ya kuumia mkono hapo mara kumi zaidi ya aliyevaa. Mara kumi! Na ni kitu cha bei ya chakula cha mchana. Pale Bastille naona watu wamevaa skeiti za euro mia tatu na mikono mitupu, inaniuma kweli. Bima pia, wengi mnaokaa hapa bima ya nyumba inabeba na madhara utakayomfanyia mtu mwengine, angalieni karatasi zenu, au ujiunge uanachama wa jumuiya inayoandaa matembezi, ada yake ni ndogo na unawasaidia.

Wenzetu wa London na nyinyi mnayo, msiwe mnakuja Paris tu. Hyde Park, Jumapili saa nane mchana wanakutana Serpentine Road kwa matembezi ya polepole, na Ijumaa saa mbili usiku Hyde Park Corner kwa wenye nguvu, nayo pia bure na pia kwa watu wa kujitolea. Nimeenda ya Jumapili. Kundi ni dogo kuliko la Paris na kwa sababu hio lina undugu zaidi, mtu anakuuliza jina, anakusubiri, spika iko kwenye baskeli na mziki ni mzuri kushinda wa Paris, hilo naliandika bila ya kuogopa. Kipya kwetu tuliozoea kuskeiti Paris ni kuwa mko upande wa kushoto wa barabara, ubongo unachukua muda. Amsterdam nayo wana ya Ijumaa kutoka Vondelpark, na mji wote ni tambarare, ila lami wanagawana na reli za tramu nyingi, angalieni miguu.

Na Nairobi tusiisahau. Wale vijana wa pale Sunken Car Park katikati ya mji siku za Jumapili, na wale wanaoonekana Thika Road wamenyoosha migongo baina ya matatu na malori, wana miguu ambayo hapa Ijumaa usiku wangekuwa mbele kabisa na staff. Wanachokosa si ujuzi. Wanachokosa ni yule mtu wa kusimama njia panda na mikono imenyooka, na barua ya polisi inayomruhusu kusimama hapo. Kwa kuanzia, ruti ya kilomita tano Jumapili asubuhi wakati mji umelala, na watu ishirini wa kuzuia makutano, si jambo la pesa nyingi. Mombasa nayo, Mama Ngina pale baharini asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali, pamenyooka. Kama kuna mtu wa kaunti anasoma hapa, mimi niko tayari kueleza jinsi wanavopanga ruti, jinsi wanavobadilishana kwenye makutano, yote nimeyaangalia kwa karibu.

Kwa wanaokuja Paris likizo hii: wiki ya kwanza fanyeni mazoezi ya breki, kuna sehemu nyingi tambarare kando ya mto ambazo magari hayaingii. Jumapili njooni Bastille, kaeni katikati ya kundi, si mbele na si mkiani, upande wa kulia. Wenye watoto wawe nao mkono kwa mkono kwenye miteremko. Na mkipita mbele ya yule staff aliyesimama anawazuilia magari, mwambieni mersi kwa sauti, anasikia.